Sauti Iliyomchongea Bi Khole

Mlango ulipigwa tena, na safari hii si kwa kiganja. Kwa bakora.

"Kaltham! Fungua! Umelala au umekufa?"

Ami Amur, ndugu wa babake! Kutoka Nizwa hadi Sur, njia yote ile, bila simu, bila taarifa, jua la mchana limekaa utosini na hata paka wa mtaa huu wa Aija wamejificha chini ya magari.

Na Kaltham? Yuko palepale tulipomwacha. Kapiga magoti sakafuni, kopo la bati mapajani, kalishika kwa ncha za vidole kama yai bichi. Kopo bapa, la mviringo, kutu pembezoni, mfuniko umekazwa kwa uzi wa mkonge. Kalivuta sasa hivi kutoka uvunguni mwa kitanda cha bibi yake, na hajawahi kulifungua.

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita wasitaabike. Hadithi ni fupi. Aibu ndiyo ndefu.

Bi Khole, huyu aliyelala chumba cha pili, umri unabisha hodi kwenye mia, miguu imekataa, macho nusu, ulimi mzima, ndiye yule msichana wa Vuga, Unguja, aliyeozwa akapelekwa Bombay, akatelekezwa huko na mume kama mzigo uliokosa mwenyewe. Hakulia. Alikwenda kugonga mlango wa watu wa sinema, na alikwenda siku zilezile picha zilipoanza kusema.

Kabla ya hapo picha zilikuwa mabubu. Mwigizaji alitakiwa macho na kiuno, basi. Zilipowekwa mashine za sauti, mabibi waliokuwa wakitamba wakafumbua midomo, na watu wakaziba masikio. Khole, aliyehitimu Kurani na kukulia mlango kwa mlango na Mabohora, Wahindi Waislamu, mpaka Kihindi kikawa chake, akatamka, na kila herufi ikakaa mahala pake. Wakamchukua siku hiyohiyo.

Na akaimba! Si kuchezesha midomo juu ya sauti ya mwingine, kama wafanyavyo hawa wa leo. Aliimba palepale, taa zinamchoma uso mpaka wanja unamtiririka, wapiga tabla wamejificha nyuma ya kichaka cha kupandikiza, chombo cha kunasa sauti kimefichwa kwenye kikapu cha maua. Kunguru akilia, wanaanza upya. Gari likipiga honi barabarani, wanaanza upya.

Uso ulikuwa wa rangi, jina la kubandika. Picha za kimya zingemsitiri maisha. Lakini moja katika picha zake za kusema ikaletwa Unguja, na kaka yake mkubwa akarudi nyumbani akasema, "Nimepita nje ya sinema nikasikia kwa ukutani. Yule ni Khole wetu." Sauti ndiyo iliyomchongea.

Kaka akapanda meli. Siku alipofika Bombay, Khole alikuwa ndiyo kwanza kamaliza kuimba picha mpya, na ndani yake mna wimbo ambao mwenyewe anasema hajapata kuimba vile kabla wala baada. Hakungojewa ausikie. Alivutwa kama mbuzi wa kafara. Fundi wa sauti akawakimbilia bandarini, akamtia mkononi kopo la mkanda wa wimbo ule, akageuka bila kusema neno.

Kisha? Kisha akaozwa tena, akakatazwa kuimba hata kwenye harusi za watoto wake mwenyewe. Na waliomkataza ni nani? Walewale waliokuwa wakisukumana mlangoni kugombea tiketi! Mchana kumlaani mwanamke, jioni kuketi kizani kumtazama. Watu hao wamekufa na majina yao wamepewa wajukuu, nao wajukuu hufundishwa kuyataja kwa heshima. Haya.

Sasa Bi Khole ana haja moja iliyobaki. Asikie wimbo ule kabla hajafumba macho. Na Kaltham, mjukuu wake, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya kuwaonyesha wageni kasa kule Ras al Jinz, kamuahidi kwa kiapo, Ami Amur asijue.

Ndiyo maana kamtafuta Hazim, fundi wa filamu kongwe, Maskati. Hazim anakuja leo alasiri. Anakuja na sanduku la barafu.

"Barafu ya nini?" Kaltham alimuuliza kwenye simu asubuhi. "Ni picha au samaki?"

Hazim hakucheka. "Sikiliza, dada yangu. Mikanda ya zama zile haikutengenezwa kwa plastiki ya leo. Ilitengenezwa kwa kitu ambacho ni ndugu yake baruti. Kikichakaa, joto tu hukiwasha. Na kikiwaka, usijitie kukizima. Ukikitosa ndani ya maji kinaendelea kuwaka humohumo majini. Na moshi wake, ukiuvuta, umekwisha. Usikisogeze karibu na moto. Hata sigara. Umenisikia?"

Kamsikia. Ndiyo maana kalishika kama yai.

"Kaltham!" Bakora ikatua tena.

"Nakuja, Ami! Navaa shela!"

Akatupa macho huku na huku. Chini ya kitanda? Ndipo Ami atakapoanza kutafuta. Jikoni? Jikoni kuna moto! Pembeni mwa chumba limekaa kasha la mbao lenye misumari ya shaba, limejaa nguo za harusi za Samah, bintiye Ami Amur, zilizotiwa tarizi hapahapa Sur. Kaltham akainua mfuniko, akalipenyeza kopo ndani ya mkunjo wa kanzu ya kijani, kanzu ya usiku wa hina, akafunika, akaenda kufungua.

*

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kwa nini unatoka jasho?"

"Joto, Ami."

"Joto lina mwenzake." Akamtazama juu mpaka chini. Mtu mrefu, kilemba kimekaa sawa kama kimepigwa msumari, mstaafu wa serikali ambaye mpaka leo huingia nyumba za watu kama mkaguzi. "Lile dude la Mama liko wapi?"

"Dude gani?"

"Usinifanye mtoto. Wiki hii nzima unapiga simu Maskati kuuliza watu wa sinema. Unadhani Maskati sina watu?"

Lakini Ami hakuwahi kuendelea, maana nyuma yake walikuwa wanaingia wanawake. Mbele mkewe, Bi Huwaida, mnene, bangili mpaka kiwikoni, kabeba tenga la kufukizia nguo na vyetezo viwili. Nyuma yake bibi mmoja mwembamba wa Kinizwa, kanyooka kama ufito, kasanduku ka fedha kifuani.

"Marhaba, marhaba, taf'dhali," Ami Amur alibadilika mara moja, uso ukajaa asali. Kisha kwa Kiswahili, tabasamu halijamtoka, "Huyu ni Bi Dalal, mamake mchumba wa Samah. Ukoo wao mkubwa Nizwa nzima. Kiswahili hajui hata 'maji'. Ukithubutu kutamka sinema kwa Kiarabu mbele yake, nitakuzika mzima. Cheka."

Kaltham akacheka. Akambusu Bi Dalal mashavu, akamuuliza hali kwa Kiarabu, hali ya watoto, hali ya shamba, hali ya barabara.

"Samah yuko wapi?" Kaltham aliuliza.

"Garini," Bi Huwaida alijibu. "Bi arusi mwenye haya hakai na mkwewe wakati nguo zake zinaguswa. Tumemwachia kiyoyozi."

Basi hapo, ndugu msomaji, Kaltham alikuwa bado ana tamaa. Watakunywa kahawa, alifikiri. Watakula halwa. Nitapata nafasi.

Nafasi ya nani! Bi Huwaida alikuwa keshavua shela na anawasha mkaa. Akapeleka chetezo kimoja chumbani kwa Bi Khole kwanza, akamsalimia mkwewe kwa sauti ya kumsemesha kiziwi, akarudi na kingine kinafuka, akakitua katikati ya sakafu, mbele ya kasha.

"Tunafukiza hapahapa," alisema. "Bi Dalal kaja na udi wake mwenyewe. Ndiyo ada yao, mama wa bwana arusi atie udi kwa mkono wake, nguo zinywe, kisha ndiyo zitoke nyumbani. Zikitoka hazijafukizwa ni fali mbaya."

Mkaa ulikuwa mwekundu. Bi Dalal akafungua kasanduku kake, akachagua kipande kama mtu anayechagua lulu, akakiweka juu ya kaa. Moshi ukapanda. Bi Huwaida akakifunika chetezo kwa tenga, lile lililosukwa kama kuba kwa makuti, akainua mfuniko wa kasha.

"Bi Huwaida!" Kaltham alisema. "Hizo zishafukizwa."

"Na nani? Na wewe unayenuka kasa?"

"Basi ngoja nikusaidie. Nizitoe mimi, moja moja."

Bi Huwaida akamsukuma mkono. "Ondoa mkono wako hapo! Mwenye talaka hagusi nguo za bi arusi. Hukufunzwa?"

Kaltham akarudi nyuma kama kapigwa kofi. Talaka yake ina umri wa kwenda skuli, na mpaka leo inaingia chumbani kabla yake.

Nguo ya kwanza ikatandazwa juu ya tenga. Ya pili. Bi Huwaida hakuzikunjua, alizitupia kwa mikumbo, anazungumza huku na Bi Dalal habari za mapishi. Akatia mkono tena kashani. Ukatoka na rangi ya kijani.

"Loo, hii nzito! Hawa mafundi wa Sur hawana mchezo, wametia uzi wa fedha kweli."

Akaipachika kileleni mwa tenga, juu ya moto.

Kaltham aliona kila kitu kwa mara moja. Moshi ule mweupe unavyopenya kwenye makuti. Kitambaa kinavyoanza kupata joto. Mlango wa chumba cha pili, na nyuma yake bibi kizee asiyeweza hata kushusha mguu. Akinyamaza, nyumba inalipuka. Akisema, Ami analikamata kopo, na sauti ya Bi Khole inakufa leo, na safari hii haitafufuka.

Hebu wewe ungefanya nini?

"Yuko wapi Mama, kalala?" Ami Amur alikuwa anauliza, macho yake hayambanduki Kaltham. "Mbona unaitazama hiyo kanzu hivyo?"

"Siitazami."

"Unaitazama."

"Nzuri."

"Kaltham. Kuna nini ndani ya hiyo kanzu?"

Kikasikika kitu kidogo sana. *Tik.* Bati linapopata moto hulia hivyo.

"Itoeni!" Kaltham alipiga ukelele. Akaruka, akaikumba kanzu, tenga likapinduka, chetezo kikayumba, Bi Huwaida akapiga yowe, na kopo likateleza kutoka kwenye mkunjo likaviringika sakafuni kama sarafu kubwa, likaenda likaenda, likagonga kiatu cha Ami Amur. Likalala.

"Mo hadha?" Bi Dalal aliuliza. Hiki ni kitu gani?

"Halwa!" Ami Amur alijibu kwa Kiarabu, kapasua tabasamu mpaka masikioni. "Kopo la halwa. Huyu mtoto wa ndugu yangu alitaka kutushtukiza." Kisha bila kubadilisha uso, kwa Kiswahili, "Mwanaharamu mkubwa. Ungetuunguza sote. Kaa chini kabla sijakuvunja mkono, na utabasamu."

Kaltham akakaa. Akatabasamu. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni.

"Ami, tafadhali. Asikie mara moja tu. Mara moja, kisha ufanye utakalo. Ni mamako."

"Kwa sababu ni mamangu! Unajua nimefanya kazi gani mpaka kufika hapa nilipo? Tulitoka Unguja tukashuka uwanja wa ndege wa Maskati na mabegi ya kitambaa, watu wanatucheka Kiarabu chetu. 'Mzanjibari, Mzanjibari.' Nimeshika ofisi serikalini, nina jina, leo naoza binti kwenye ukoo mkubwa Nizwa. Halafu waseme mamake alikuwa anakatika Bombay mbele ya wanaume?"

"Hakukatika. Aliimba."

"Tofauti yake nini!"

Alikuwa keshainama, kisu cha kiunoni kakichomoa, anakata uzi wa mkonge. Bi Dalal akawa anatazama kwa hamu, anangojea halwa. Mfuniko ukagoma, ukalia, ukafunguka.

Ndani mlikuwa na tende.

Tende kavu, nyeusi, ngumu kama kokoto, zimepangwa vizuri duara kwa duara. Hakuna mkanda. Hakuna picha. Hakuna kitu.

Kutoka chumba cha pili kikaja kicheko. Kicheko cha kizee, kimekwaruza, kimejaa raha.

"Mmefungua?" Bi Khole aliita. "Kuleni basi! Amur, mpe na mgeni, usiwe bahili kama babako!"

*

Ami Amur alisimama mlangoni mwa chumba cha mamake na lile kopo mkononi, uso umemgeuka kijivu.

"Mama. Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Unakijua."

"Sikijui. Kitaje jina."

Akatupa jicho nyuma, kule alikokaa Bi Dalal. Akanong'ona. "Sinema, Mama."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Mie kiziwi."

"Mama, wallahi, nakuheshimu, lakini..."

"Mimi nimekaa na watu wa sinema, Amur. Unadhani nitaweka roho yangu ndani ya kopo la kila mwizi kulitazama? Kaltham mwenyewe nimemdanganya, masikini, maana yule hajui kusema uongo, uso wake kama kioo."

Kaltham hakujua acheke au alie. Ipo! Haikuungua! Alitaka kukimbia amkumbatie bibi yake.

Lakini nyuma yake Bi Dalal alikuwa kasimama. Kichwa kakiinua, pua juu, macho kafumba, kama wafanyavyo watu waliozaliwa ndani ya moshi wa udi na wanaoweza kukwambia umetoka mti gani.

"Huu si udi wangu," alisema.

"Ni wako, Bi Dalal," Huwaida alimjibu kwa Kiarabu chake cha haraka. "Umeutia kwa mkono wako."

"Wangu uko hapa, umemwagika. Huo ninaousikia ni mwingine. Mkali. Unachoma kooni. Unatoka kule." Akaonyesha chumba cha Bi Khole.

"Ah, huo!" Bi Huwaida akapunga mkono, akageukia Kiswahili. "Hiyo harufu nimeikuta nilipoingia kumwamkia Mama. Pale kichwani kwake pananuka kitu kichachu, kibaya, nywele zimenisimama. Mie nikajua, ama ni hasadi ama pana kitu kimekaa. Nikamwekea chetezo uvunguni, pale pale kwa kichwani, na ubani wa kutosha. Kikimbie."

Kaltham alisimama.

Kitu kichachu. Hazim kalisema hilo pia asubuhi. Mkanda ukianza kuoza, unanuka. Ukinuka, ujue umekaribia kuwaka.

"Kichwani kwake," alisema, na sauti haikuwa yake. "Bibi. Umelalia nini?"

Bi Khole akaukumbatia mto wake.

Kaltham alimpita Ami Amur akamkumba na bega. Chumbani moshi ulikuwa umetanda, lakini moshi wa ubani huwa mweupe, na chini ya mto, pembeni mwa godoro, palikuwa panachirizika uzi mwembamba wa moshi wa manjano. Manjano kama usaha. Akajitupa chini, akatia mkono uvunguni, akakishika chetezo kwa vidole vitupu. Ngozi ilinata. Hakukiachia. Akakirusha dirishani, kikaenda kupasukia uani, makaa yakatawanyika juu ya saruji.

"Mtoeni! Ami, mtoe mamako! Usivute pumzi!"

Na Ami Amur, tuseme haki yake, hakungoja. Alimwinua mamake kwa mkupuo mmoja kama mtoto mchanga. Lakini bibi yule mwenye mifupa kama vijiti vya kiberiti alikuwa kakumbatia kitu kifuani, kimefungwa kwa leso kuukuu, na mikono yake haikufunguka.

"Kiache, Mama!"

"Siendi bila ya yeye."

"Kina moto, kitakuunguza!"

"Kiniunguze. Walinitoa Bombay nimeacha nyuma nusu ya roho yangu, nusu hii siiachi."

Akamtoa nacho. Akamkalisha ukumbini kwenye kiti, wote wanakohoa, na leso ikafunguka pembe moja, na wote wakaona. Gurudumu jeusi la mkanda, limevimba ubavuni, linatoa jasho.

Bi Dalal alikuwa keshasogea. Hakuwa amepandisha sauti hata mara moja tangu aingie, na hakuipandisha sasa.

"Hiyo si halwa," alisema.

Uongo wa Ami Amur ulikuwa umekwisha. Hata uongo una idadi.

Aliyejibu ni Bi Khole. Na alijibu kwa Kiarabu, kizuri, kila herufi mahala pake, ili pasiwe na wa kumtafsiria.

"Hiyo ni sauti yangu, binti yangu. Nilikuwa mwimbaji wa sinema, Bombay, nilipokuwa kijana. Jina langu lilibandikwa ukutani kwa herufi ndefu kuliko wewe."

Bi Huwaida akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Na waliokutazama," Bi Dalal aliuliza, "walikuwa wanaume?"

"Walikuwa wanaume. Walilipa tiketi. Mmoja wao kaka yangu." Macho yale nusu yakawaka. "Amewaambia watu kanisikia kwa ukutani, anapita zake. Muongo! Kwa ukutani angejuaje nimevaa nini? Alinipiga Bombay huku ananitajia kila vazi, moja baada ya jingine. Aliingia ndani. Na nadhani alirudi kesho yake."

Bi Dalal akainama, akaokota vipande vya udi wake sakafuni, kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya kasanduku ka fedha, akakafunga. Kisha akaketi, mikono juu ya kasanduku, kama mtu anayengojea kitu. Hasira? Huruma? Uso ule haukusema.

Lakini kwa Ami Amur ulisema tosha. Udi umerudi sandukuni. Ndoa imekwenda!

"Nipe," alisema.

"Ami, usiuguse, umekwishaanza kuiva, Hazim yuko njiani..."

"NIPE!"

Aliupokonya mikononi mwa mamake. Bi Khole hakupiga kelele. Alitoa mlio mdogo tu, mlio ambao Kaltham hakupata kuusikia kwa mtu mzima.

"Nakwenda kuutosa Qalhat, kwenye majabali. Kina kirefu. Samaki wausikilize."

"Ami, maji hayauzimi! Ami, gari liko juani!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Kaltham akaukimbilia, vidole vilivyoungua vikateleza kwenye kitasa, akaukamata tena, akafungua. Jua likampiga usoni. Gari jeupe lilikuwa linakata kona, vumbi nyuma yake, linaelekea darajani.

Akatia mkono mfukoni. Simu. Alibonyeza jina la Samah kwa mkono wa kushoto, huku anakimbia miguu mitupu juu ya lami inayoyeyuka.

Ikaita. Ikaita.

"Da Kaltham?" Sauti ya Samah, kwa Kiswahili chake cha mtoto aliyekulia Nizwa, ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekuwa analia muda mrefu. "Kuna nini? Baba anaendesha kama mwehu. Tushapita daraja."

"Samah, nisikilize. Kile kitu alichoingia nacho. Kiko wapi?"

"Hii ya kwenye leso? Kaitupa nyuma ya kiti yangu. Da Kaltham, inatoa moshi. Kiti inaniunguza mgongo."

"Mwambie asimame! Mwambie kitalipuka!"

"Hanisikii, nilishamwambia, hataki kunisikia toka jana."

"Basi fungua mlango! Akipunguza tu mwendo, fungua, ruka!"

Upepo, injini, na sauti ya mkono unaovuta kitasa, unavuta tena, unavuta tena.

"Mlango haifunguki," Samah alisema. "Baba kaifunga. Nilimwambia simtaki yule mchumba, akaifunga toka Nizwa."